Hodi ya Kapteni Saulo

Saulo alikuwa kapteni kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kushika bunduki. Ukapteni wake ulikuwa wa mganda, ile ngoma ya Nyasa ambayo wanaume huvaa kaptula nyeupe na soksi za kufika magotini, wakajipanga mstari mmoja na kupuliza malipenga. Lipenga ni kibuyu tu, kimetobolewa na tundu moja kuzibwa kwa utando wa buibui ili sauti itoke ikitetemeka. Babu zao waliliona gwaride la Wazungu wakati wa vita vile vya zamani, wakaliiba, wakalitia mbwembwe zao. Ndiyo maana ndani ya mganda kuna kingi, kuna kapteni, kuna masajenti, kuna hata manesi. Siku za kazi Saulo alikuwa fundi cherehani pale Mwanjelwa, Mbeya, akishona sare za shule na kupunguza suruali za watu waliokonda. Lakini akishavaa ile kaptula yake iliyopigwa pasi ikanyooka, usimletee mzaha.

Boma lake, maana kikundi cha mganda huitwa boma, lilikuwa na wanaume kumi na wawili mstarini. Hivyo ndivyo walivyosema kwa watu. Ukiwahesabu unapata kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa nafasi, pengo la upana wa mtu, kushoto kwa Marcelino, na mstari ulitembea nalo na kugeuka nalo kana kwamba kuna mtu ndani yake.

Pengo lile lilikuwa la Shadrack, kifungua mimba wa Saulo na mkewe Roza. Alipata usajenti wa mganda akiwa na miaka kumi na saba, akaingia jeshi la kweli, akapelekwa Kongo na walinda amani, akarudishwa kwenye sanduku lililofunikwa bendera. Siku ya mazishi kapteni wa kweli, kijana mwenye umri mdogo kuliko cherehani ya Saulo, alitoa amri kwa sauti ya chini na bunduki zikalia. Saulo alisimama pale na koti la kuazima, akiona aibu kwa vyeo vyake vya kuchezea. Hapo ndipo Roza alipomgeukia, mbele ya watu wote.

"Wewe ndiye uliyemfundisha kupiga mguu."

Tangu siku ile hakumwita tena Baba Shadrack. Alimwita Kapteni. "Kapteni, ugali umeiva." "Kapteni, kuna mtu anakuulizia." Alilisema kwa adabu zote, na kila mara lilimwingia Saulo kama sindano chini ya kucha. Kununa nyumbani ni jambo la kawaida, watu hununa wakanuniana wakachoka. Hawa hawakuchoka. Walifika mwaka wa sita.

Sasa boma lile lilikuwa na utaratibu wake wa kumuaga mtu. Mchezaji akifa, cheo chake hakirithiwi hivihivi. Kapteni huchukua lipenga la marehemu, akaenda nyumbani kwa mfiwa, akasimama nje na kubisha hodi. Mfiwa akilipokea lipenga, ina maana amekubali kusafiri na boma. Huko ugenini jina la marehemu huitwa mstarini, na mfiwa humwitikia kwa neno moja: "Amepumzika." Ndipo mstari huziba na mtu mwingine hupewa lipenga. Mfiwa ni mke. Asiye na mke, mama yake. Na mfiwa haulizi, hakumbushi, wala hatumi mtu. Kazi yake ni kusubiri hodi.

Bila shaka tatizo umeshaliona. Shadrack hakuwahi kuoa, kwa hiyo mfiwa alikuwa Roza, na Roza aliishi nyumba moja na kapteni. Mtu anabishaje hodi kwenye mlango wake mwenyewe? Saulo alijaribu. Mwaka ule wa kwanza alitoka na lipenga kwa mlango wa uani, akazunguka nyumba, akafika mbele, akainua mkono. Jirani yao, Mama Ikupa, akamuuliza kama amefungiwa nje. Saulo akacheka kicheko cha mtu aliyekosa pa kuweka uso, akaingia ndani, na lipenga akalificha dukani ndani ya mfuko wa vitambaa. Kumtuma mtu haikuwezekana, maana hodi hiyo ni ya kapteni peke yake. Mwaka wa pili akajiambia baada ya mvua. Mwaka wa tatu hakujiambia kitu. Na mimi sitaficha: mlango ulikuwa kisingizio. Alichoogopa ni Roza kufungua, kumtazama na lile lipenga mkononi, na kulirudia lile neno la makaburini.

Basi likatulia hivyo. Roza aliacha kwenda kwenye ngoma, hakuuliza chochote, na Saulo hakumwambia chochote.

Kisha Mzee Habibu akawaita Iringa. Habibu alikuwa muuza vitambaa mkubwa kule mjini, mtu wa asili ya Bagamoyo, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika bila kipaza sauti, na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya tamasha la muziki la Pasaka. Alitaka boma la Mbeya licheze uwanjani Jumatatu, kisha Jumanne asubuhi lipige mbele ya mnara wa askari waliokufa vitani, pale bustanini katikati ya mji. Saulo alipolitangaza jambo hilo nyumbani, Roza aliendelea kuchambua mchele.

"Kapteni, kutakuwa na siti?"

Saulo akageuka upesi. "Ya nani?"

"Yangu. Nikamwone Yudith. Nauli imepanda."

Yudith alikuwa mdogo wake Roza, nesi mstaafu anayeishi Tosamaganga, nje kidogo ya Iringa. Saulo akasema siti ipo. Akajiona mjinga kwa jinsi alivyofurahi.

Safarini Roza alikaa mbele na dereva, Saulo akakaa nyuma kabisa akiwa ameshikilia ngoma kubwa. Walipofika Nyololo gari likasimama watu wanyooshe miguu. Saulo akanunua mahindi mawili ya kuchemsha, akampelekea mkewe moja dirishani. "Asante, Kapteni," Roza akasema, akalivunja katikati na kumpa dereva nusu. Vijana waliona, wakageuka kutazama milima.

Jumatatu ya Pasaka uwanja ulijaa. Kwaya ziliimba, vijana wa bongo fleva wakaruka jukwaani mpaka mbao zikalia, kina mama wa Kihehe wakacheza vizuri hata wazee wakasahau fimbo zao. Yudith alipenda tamasha kuliko mahubiri, na ndiye aliyemburuta dada yake hadi pale. Saulo aliwaona wamesimama karibu na kamba, Roza kajifunika kanga mabegani. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka sita Saulo kuwa mbele ya macho ya mkewe akiwa na kaptula nyeupe. Alitaka kujificha nyuma ya ngoma. Hata hivyo akapiga moyo konde, akatoa amri, na malipenga yakaanza.

Walicheza vizuri, na hilo hakuna anayeweza kuwanyima. Mstari ulikwenda mbele, ukainama, ukageuka, soksi kumi na moja za kulia zikainuka kwa pamoja. Na katikati ya weupe wote ule, lile pengo likaenda nao.

Habibu alikuwa na kipaza sauti. Mtu mwema kabisa, ila mdomo wake hauna mlango.

"Jamani wageni wetu wa Mbeya!" akapaza sauti. "Mstari umepungua mtu! Naona wamemsahau mwenzao Makambako, yuko kwa mama lishe hajamaliza supu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Watoto wakaanza kuonyesha pengo kwa vidole. Marcelino alikosea hatua, kitu ambacho hajawahi kufanya. Saulo akageuza kichwa kuelekea kwenye kamba, akamwona Roza akiwa ameachia mdomo wazi, macho yake yakihesabu mstari, mtu mmoja mmoja. Alipofika kwenye pengo akasimama hapo. Kisha akageuka, akawapasua watu kwa viwiko, akaondoka huku Yudith akimkimbilia nyuma.

Majaji wakawakata alama kwa mstari usiokamilika. Boma likashika nafasi ya mwisho, hata nyuma ya kikundi cha watoto wa sarakasi.

Nyuma ya jukwaa Marcelino akavua kofia yake. Alikuwa sajenti wa pili, fundi bomba, mtu mpole asiyejua kugomba.

"Kapteni, mimi na Shadrack tumekua pamoja," alisema. "Miaka sita nasimama pembeni yake. Sijawahi kulalamika, au nimewahi?"

"Hujawahi."

"Leo wamemcheka. Kesho tuko mbele ya mnara wa askari, na yeye alikuwa askari kweli, siyo sisi. Aagwe kesho. Asipoagwa, mimi nabaki garini, na huko Mbeya mtatafuta watu wa kushika nafasi mbili."

Saulo akawatazama wengine. Kila mmoja alikuwa akichunguza viatu vyake. Boma la miaka ishirini na saba lilikuwa linamponyoka pale pale, na asingeweza kumlaumu mtu. Akatoa kwenye begi lipenga la mwanawe, ambalo alisafiri nalo kila mara, akalipangusa kwa kitambaa, akaenda barabarani kuita bodaboda. Jua lilikuwa bado juu ya vilima.

Wakiwa njiani kuelekea Tosamaganga, upepo ukimpiga machoni, ndipo wazo likamjia, na lilikuwa jepesi kiasi kwamba nusura aanguke kwenye pikipiki. Roza alikuwa nyuma ya mlango ambao si wake. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, kulikuwa na mlango wa kubisha.

Nyumba ya Yudith ilikuwa ndogo, ya matofali ya kuchoma, ua mbele umefagiliwa. Saulo alishuka, akavuta soksi zake juu, akasimama hatua tatu kutoka kizingitini kama inavyotakiwa.

"Hodi!"

Yudith akachungulia. "Shemeji! Ingia bwana, hodi ya nini na wewe ni mtu wa hapa?"

"Siingii, Shemeji. Nimekuja na boma."

Boma lenyewe lilikuwa yeye na dereva wa bodaboda aliyekuwa akibofya simu. Yudith akalitazama lipenga, uchangamfu ukamtoka, akarudi ndani. Roza alipotoka mikono yake ilikuwa na unga. Hakumkaribisha.

"Ile nafasi ni ya nani?"

"Yake."

"Tangu lini?"

"Tangu tumzike."

Roza akashika fremu ya mlango. "Mimi nilijua mlishampa mtu. Mwaka ule ule. Nilikuwa nakaa ndani nasikia ngoma yenu kule uwanjani, nasema, haya, huyo anapuliza lipenga la mwanangu, na baba yake anatoa amri kama hakuna kilichotokea."

"Ungeniuliza, Roza."

"Mfiwa anauliza?"

Roza alikuwa na haki, na Saulo alilijua hilo.

"Wewe ndiye wa kubisha hodi," Roza akasema.

"Mlango upi? Ule ambao nafunga komeo mwenyewe kila jioni? Nilijaribu. Mama Ikupa akaniuliza kama umenifungia nje."

Ndani ya nyumba Yudith akakohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kitu kingine. Roza hakucheka, lakini alinyoosha mkono akalichukua lipenga. Akaligeuza. Akalisogeza karibu na macho na kugusa tundu lake kwa ncha ya kidole, polepole, kama anayegusa kope za mtoto aliyelala.

"Utando ni mpya."

"Nabadilisha kila Pasaka."

"Nani analipuliza?"

"Hakuna."

"Sasa unabadilisha wa nini?"

"Ukikauka unapasuka," Saulo akasema. Kisha kwa kuwa alishafika mpaka pale, akaona aseme lote. "Lile neno ulilosema makaburini…"

"Nilisema kweli," Roza akamkatiza. "Mtoto aliupenda uaskari kwa sababu yako, hilo silifuti. Lakini nilisema vibaya. Nilikusudia likuume."

"Liliuma."

"Najua. Nilikuwa nahakikisha kila siku."

Wakatazamana. Saulo akadhani sasa Roza ataingia nalo ndani, amekwisha kulipokea. Badala yake Roza akamrudishia lipenga mikononi.

"Sijui kama mdomo wangu utaliweza lile neno," alisema. "Nikilisema, ndiyo imekwisha." Akaingia, mlango ukafungwa taratibu.

Lipenga likirudishwa, mfiwa amekataa. Utaratibu hauna maelezo mengine. Saulo akarudi mjini nalo mapajani, na usiku ule alijua kwamba kesho atapoteza mwana kwa mara ya pili na boma juu yake.

Asubuhi Iringa ilikuwa na baridi ile ya kuuma masikio. Bustanini majani yalikuwa bado na umande na wapita njia wachache walisimama kutazama. Mnara ulikuwa wa watu waliokufa zamani sana, kwenye vita ambavyo hakuna aliyekuwa hai kuvikumbuka, na Saulo akajikuta akijiuliza kama nao waliachwa na mama zao wakisubiri hodi. Marcelino akamsogelea.

"Umelipeleka?"

"Nimelipeleka."

"Amelipokea?"

Saulo akatazama pembeni. Marcelino akasubiri, akaelewa. Akavuta pumzi, akanyoosha kola yake, akaenda kusimama mahali pake, kulia kwa pengo. Hakubaki garini. Saulo angempigia magoti kama si kaptula nyeupe.

"Boma! Mguu sawa!"

Akaanza kuita majina. Kwa miaka sita alipofika kwa Marcelino alikuwa akiruka na kwenda kwa anayefuata, haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Leo hakuruka. Hakujua angefanya hivyo mpaka aliposikia sauti yake mwenyewe.

"Sajenti Shadrack!"

Utaratibu unamruhusu kapteni kuita mara tatu. Baada ya hapo marehemu amekosa wa kumwitikia, na aibu hiyo ni ya nyumba nzima.

"Sajenti Shadrack!"

Habibu, aliyesimama na wanakamati wake, akalitazama pengo, akamtazama Saulo, na mzaha wote wa jana ukaonekana ukimrudia usoni. Akainamisha kichwa.

"Sajenti Shadrack!" Safari hii sauti ilikatika.

"Nipisheni," mtu akasema nyuma ya watu. "Nipisheni, jamani."

Roza alikuwa anahema. Alikuwa amevaa gauni jeupe la unesi, maana mfiwa husimama na boma akiwa amevaa nyeupe, na la kwake alikuwa ameliacha Mbeya. Hili lilikuwa la Yudith, la enzi za kazi, na Yudith ni mwembamba. Jicho la fundi halipumziki hata siku kama hiyo: Saulo aliona kwamba mishono ya pembeni ilikuwa imefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono, kwa uzi mweusi, hatua kubwa kubwa zilizopinda. Walikuwa wameamka alfajiri kuifanya kazi hiyo. Hajapata kuona mshono mbaya kama ule, wala mzuri kama ule.

Roza alitembea hadi kwenye pengo. Akasimama mbele yake, akalitazama.

"Amepumzika," akasema.

"Inna lillahi," Habibu akanong'ona.

Sasa ilikuwa zamu ya kapteni. Alitakiwa kuamuru mstari uzibe. Saulo akafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Wanaume kumi na mmoja walisimama wima kwenye baridi, macho mbele, wakimsubiri mtu aliyewaamrisha miaka ishirini na saba. Wapita njia wakaanza kutazamana.

Roza akamjia karibu kabisa.

"Baba Shadrack," akasema kwa sauti ya chini, "miaka sita umemsimamisha mguu sawa. Mtoto amechoka. Mwambie mguu pande."

Saulo akaligeukia pengo. Akalitazama kama mtu anavyomtazama mwanawe anayeondoka asubuhi na begi mgongoni.

"Sajenti Shadrack," akasema. "Mguu pande."

Kisha kwa wengine, na sauti ilikuwa ya mzee sasa, hakuna ukapteni ndani yake: "Boma. Ziba."

Wakapiga hatua moja ya pembeni. Bega la Marcelino likakutana na bega la jirani yake, mashati meupe yakagusana, na mahali alipokuwa Shadrack pakawa hapapo tena. Roza akatoa kilio ambacho hakukitoa siku ya bendera na bunduki. Saulo akamshika, naye akalia, pale pale mbele ya mnara na kamati na wapita njia, na boma likasimama likawasubiri mpaka walipomaliza.